Ramani Yenye Surua

"Paka kijani," Bwana Gitonga aliamuru, akiwa amesimama nyuma ya kiti cha Elsie kama msimamizi wa mtihani.

"Zote, bosi? Zenye ziko na ndege ni tatu peke yake."

"Na kompyuta itajuaje? Paka!"

Katika ofisi yao ndogo ya Kitengela, ramani ya setilaiti ilionyesha visanduku arobaini vya ndege kutagia, vilivyotundikwa mitini kuanzia Kisaju hadi Kajiado. Doa la kijani lilimaanisha ndege wamehamia. Jekundu, kisanduku kitupu. Ramani nzima ilikuwa inaugua surua.

Kesho yake Madam Phylis wa makao makuu angekuja kuamua kama mradi utaendelea. Bwana Gitonga, meneja mheshimiwa ambaye hajawahi kupanda ngazi hata moja, alijua la kufanya. Mgeni akija shuleni, mawe hupakwa chokaa. Akija ofisini, hupakwa ramani.

"Akiona huu wekundu, mimi na wewe hatuna kazi," alisema. "Ama uko na kazi ingine?"

Elsie hakuwa nayo. Akapaka.

Madam Phylis alifika saa nne, amevaa buti za porini. Dalili mbaya. Aliikodolea macho ramani mpaka Bwana Gitonga akalegeza tai.

"Arobaini kwa arobaini?"

"Ni uongozi tu, Madam."

"Basi nataka kuona kimoja. Na macho yangu."

Bwana Gitonga alitokwa na jasho mpaka kwenye kope. Elsie akabeba ngazi na kuwapeleka Kisaju, kwenye kimojawapo cha vile vitatu vya kweli. Madam akapanda mwenyewe. Makinda wanne wakamfokea usoni.

Alishuka akifuta machozi ya furaha. Bwana Gitonga alikuwa tayari amekaza tai, amevuta pumzi, na alikuwa akikumbuka mstari wa kwanza wa hotuba yake.

"Miaka kumi ya kuzunguka kaunti," Madam Phylis alisema, akimpa mkono, "sijawahi kuona ramani ya kijani tupu. Wenzako wote bado wako na mekundu, kwa hivyo tumewaongezea miaka mitatu. Lakini wewe umemaliza kazi, Bwana Gitonga. Hongera! Hapa tunafunga Ijumaa."