Bangili Iliyopoa

Siku hizi hapa mjini kwetu sote tunavaa bangili. Mtu akitaja jina lako, yako inapata moto.

Majuzi, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, yangu ilinichoma mpaka nikamwaga mahindi. Wanawake wakacheka, mmoja akaniita kwa jina langu:

"Sikudhani, leo unasemwa!"

Nilikimbia nyumbani. Nikamkuta mume wangu na mama yake wamekaa mkekani.

"Mlikuwa mnanitaja?"

"Akutaje nani, mwanangu?" alijibu mama mkwe. "Kaa ule."

Mke aliyenitangulia alirudishwa kwao bila kuambiwa kosa lake.

Tangu siku ile bangili yangu ni ya baridi. Mume wangu ananiita "wewe." Wakiwa wawili jikoni nawasikia wakinong'ona, "yule, yule," na mkono wangu haupati hata uvuguvugu.