Fiwi za Wifi Zamzam

Tima alikata shina la mwisho, akafuta mundu kwa jani la muhindi, akaangaza huku na huku. Hakuna mtu. Kijiji kizima cha Mbwajumali bado kilikuwa kwenye chai ya asubuhi.

Shamba lilikuwa moja, nyuma ya nyumba ya baba yake, Bwana Athman. Mzee alikuwa amelikata kati kwa kamba: upande huu bintiye Tima, upande ule mkazamwanawe Zamzam. Atakayevuna mahindi mengi zaidi, shamba lote lake. Na Tima, aliyerudi kwao na talaka na sanduku moja la nguo, hakuwa na kipande kingine cha ardhi cha kukiita chake.

Zamzam alipanda kivyakevyake. Katikati ya mistari ya mahindi alipachika fiwi, zile za kutambaa, malisho ya ng'ombe.

"Wifi, hili shamba au hori la mbuzi?" Tima alimcheka.

"Cheka tu. Mwalimu wa kilimo asema fiwi zalisha udongo. Mahindi yatanenepa mpaka uyaonee haya!"

Maneno hayo yalimwingia Tima kama mwiba. Mwezi haukupita, Zamzam akajifungua mtoto wa kike, akaingia arobaini. Siku arobaini za ubani na uji wa pilipili manga, mlango umerudishwa, shambani hakanyagi.

Bila fiwi, hayo mahindi yatanenepeshwa na nani?

Tima akaingia kazini. Kuzing'oa asingeweza, watu wangeuliza. Alizifyeka juu tu, zionekane kama zimeliwa na mbuzi. Baada ya wiki zikachipua. Akafyeka. Zikachipua tena, zinanyoosha mikono kuparamia mabua, naye huyo na mundu wake, kiuno kinamuuma kuliko cha mzazi. Akimaliza huoga, hujifukiza udi, huingia ndani kumbeba mtoto.

"Mbona umekonda hivyo, wifi?" Zamzam alimuuliza siku moja.

"Mwambie mamako," Tima akamjibu mtoto, "shangazi ana mambo yake."

Siku ya mavuno, Bwana Athman alihesabu magunia mwenyewe, kwa sauti. Ya Tima, manne. Ya Zamzam, saba.

Tima akajifuta macho kwa leso. Zamzam akamsogelea, akamtia mtoto mikononi, akamnong'oneza:

"Usilie, wifi. Nimeshamwomba baba, nusu yako ibaki yako. Mwalimu alituonya, fiwi zisipokatwa kila wiki huyanyonga mahindi. Nami nimefungiwa ndani, usiku kucha nalia, nani atanikatia? Mpaka asubuhi moja nikasikia mundu wako chini ya dirisha."