Kitufe cha Chumba cha Baridi

Unageuza uso tena, kama siku ile wifi yangu alipogonga mlango wa chumba cha baridi hadi akafa, nawe mshika funguo ukasema ni mashine inanguruma.

Mimi sisahau. Nimejifundisha kutengeneza programu: dirisha moja linalofunguka kwenye kompyuta ya aina yoyote hapa ofisini, lenye kitufe chekundu, "Nifungulieni". Atakayefungiwa atabonyeza swichi ndani, na kitufe kitazama mbele ya macho yenu nyote.

Leo mchana nimelijaribu.

"Linafunguka kwenye kila kompyuta, dada fundi?" karani akanitania.

"Hata ya bosi, ile yenye kiburi kama mwenyewe."

Akacheka, mara akanyoosha kidole kwenye skrini. Kwenye kompyuta zote kitufe kilikuwa kinazama na kuinuka, kama kinasukumwa na kidole gumba.

"Umekiunganisha na nini?"

"Sijakiunganisha bado, hata na swichi. Nimekichora tu."

Kipanya hakuna aliyekigusa. Vioo vya kompyuta vikaingia ukungu. Kitufe kikaendelea kwa mdundo ule ule aliogonga wifi, na sasa unazidi kufifia.

Funguo unazo wewe. Acha kusoma ujumbe huu, inuka ukafungue chumba cha baridi!