Makumbi ya Mwasumini

"Mtu asinunue hata ua moja sokoni," Jamaldin alitangazia mtaa mzima wa Kuze. "Vikuba vyote vya maua ya harusi ya dadangu vitatoka kwa mti wangu wa mwasumini."

Sasa bibi harusi mwenyewe, aliyekuwa amewekwa ndani kwa shangazi yao mwezi mzima, alikuwa amechuchumaa uani mbele ya huo mwasumini. Jamaldin alisimama nyuma yake.

Dadake aliugusa udongo kwa kidole chenye hina, akakitoa upesi. Ulikuwa wa moto kama sinia iliyosahauliwa juani, umepasukapasuka, na chumvi imetanda juu, nyeupe. Vitumba vyote vilikuwa vimekauka kabla ya kufunguka.

"Nilikwambia nini, Jamaldin? Maji ya kisima chetu yana chumvi. Udongo ukikaa wazi, jua hunyonya maji, chumvi hupanda juu ikabaki. Ndiyo maana niliufunika kwa makumbi ya nazi, ukae baridi, ushike maji. Yako wapi?"

Jamaldin akasonya kwa uchungu mkubwa. "Kunguru, dada! Kunguru wa mji huu wana adabu? Wameyabeba moja moja wakajengee viota."

"Gunia zima?"

"Walikuja ukoo mzima, na wakwe zao."

"Na Ijumaa mimi nivae nini kifuani, viota?"

Kabla hajajibu, dirisha la juu likafunguka na jirani yao akachungulia, uso umejaa tabasamu.

"Jamaldin, baba, mbona siku hizi huchomi mishkaki hapo uani? Au yale makumbi yamekwisha?"