Pampu Ndani ya Ntumba

Yonas alizipita ntumba zote bila hata kuzitazama. Akasimama kwenye ile ya saba, mstari wa mwisho, akaanza kuichimbua.

Hellena, akiwa mlangoni na ndoo yake ya maji, alimwona. Shamba lile la Milepa lilikuwa na ntumba zaidi ya mia tatu, matuta ya duara ambamo yeye na binti yake Silvana walifukia majani, yote sura moja. Ndiyo maana alifukia humo pampu ya dizeli ya trekta.

Trekta lenyewe lilikuwa kuukuu, la mwaka sabini na nne, wekundu wake umeshapauka. Mumewe Christopha alilima nalo ekari arobaini mpaka kiharusi kilipomlaza kitandani na kumfunga mdomo. Nyumba ikarudi kwenye jembe la mkono. Hapo ndipo shemeji yake Yonas alipokumbuka kwamba trekta ni mali ya ukoo, na kwamba lazima lishuke Mtowisa likalime mpunga wake. Bila pampu lisingekwenda popote. Likienda, Hellena alijua, na shamba litafuata.

"Shemeji, nani kakuonyesha?"

"Mali ya baba yetu haipotei, shemeji," Yonas alijibu, akampelekea pampu fundi aliyekuwa akimngoja uani, penye trekta.

Siri ile Hellena aliitamka mara moja tu, jana jioni, akimnywesha mumewe uji. Alimwinamia sikioni ampe moyo: "Usiwe na wasiwasi, baba Silvana. Pampu ipo ntumba ya saba, mstari wa mwisho. Trekta hawalipati ng'o." Mgonjwa akatokwa na machozi. Nyuma ya ukuta, Silvana alikuwa akisonga ugali. Silvana huyo huyo ambaye juzi tu baba yake mdogo Yonas alimletea simu mpya.

"Mama, sijasema kitu. Haki ya Mungu."

"Na simu umepewa kwa lipi? Fungasha. Nenda kwa huyo huyo baba yako mdogo."

Binti aliondoka na mfuko mmoja, analia, bila kugeuka nyuma. Hellena naye alilia kwa uchungu na hasira. Mtoto wa kumzaa mwenyewe kamuuza. Huko uani trekta likakohoa mara mbili, likawaka.

Hakutaka kuliona likiondoka. Aliingia ndani akakae na mtu pekee aliyebaki upande wake. Alipofika kwenye pazia la chumbani akamkuta Yonas ametangulia, amepiga magoti kando ya kitanda.

"Limewaka, kaka," Yonas alisema.

"Nimelisikia," Christopha akajibu, maneno yamenyooka kabisa. "Sasa hati ya shamba. Ameishonea ndani ya mto huu niliolalia."