Kilemba cha Namelok

"Pundamilia! Nyati! Na Mmasai yule, tazameni!" alipayuka mwalimu mwenye kaunda suti, kana kwamba Ngorongoro nzima ilifugwa kwa ajili ya macho yake.

Basi la chuo likapunguza mwendo. Wanachuo wakamrushia mzee yule vipande vya mkate, wakicheka.

Kutoka dirisha la basi, Namelok alimtambua mzee yule: baba yake. Miaka yote chuoni alificha ndewe ndefu za masikio yake kwa kilemba, asichekwe na hawa: wasomi waliojaza mayai ya kuchemsha mashavuni.

"Dereva, simamisha!"

"Utaliwa na simba, dada!" wenzake wakamcheka.

"Simba ana adabu kuwashinda ninyi," akasema, akivua kilemba.

Akashuka. Mbele ya madirisha yote akainamisha kichwa, na mzee akaweka kiganja kwenye utosi wa bintiye, kumsalimu.

Ndani ya basi, hakuna aliyetafuna tena.