Profesa na Kichwa cha Mshazari

"Nitolee takataka yako mezani," Profesa alisema, akiisukuma ile mota kwa ncha ya kalamu.

Mwanamke akaivuta mota yake karibu. Ilikuwa ya zamani, ndogo kama kopo la maziwa, na alikuja nayo imefungwa kwenye taulo.

Jina la Profesa alipewa na wenye maduka wenzake kwa kejeli. Naye, maskini ya Mungu, akalipokea kama sifa. Aliuza kamera na darubini zilizokwishatumika, na mteja aliyeuliza bei alipewa kwanza mhadhara.

"Naitaka ile darubini ya dirishani," mwanamke alisema, "lakini mpaka nijue mota hii inaingia. Baba yangu ana mwezi mzima hali wala hacheki, anakaa tu roshani. Leo nikirudi mikono mitupu, sijui nitamtazama vipi usoni."

"Dada, kichwa cha stendi, pale darubini inapokaa, unakijua hata?"

"Sijui. Nifundishe."

Hapo alimkuna panapomwasha. Profesa akaishusha darubini na stendi yake, akatanua mabega.

"Kuna vichwa vya kwenda juu na chini, kushoto na kulia. Hivyo ni vya watoto. Hiki ni cha mshazari. Mota ikikizungusha polepole kinaifuata nyota, haikutoki machoni. Darubini hii kaniachia marehemu mjomba wangu. Miaka kumi sasa hakuna mkono mwingine ulioigusa. Na mota ninazo mpya, za kisasa. Hilo kopo lako katupe."

"Fundi wa ng'ambo ya barabara naye kasema haiingii. Kasema hata wewe ukiulizwa utabahatisha tu."

"Nani? Yule mtengeneza pasi?" Profesa alicheka mpaka akakohoa. "Kubahatisha, mimi? Hebu lete!"

Akaifunga mwenyewe. Skrubu mbili zikazama bila kulazimishwa, gia zikashikana, mota ikaanza kunguruma taratibu. Profesa akajifuta jasho kwa raha.

"Umeona? Tena haiingii kwingine kokote duniani. Tazama matundu haya ya kichwa cha stendi, si ya kiwandani. Kuna mtu kayatoboa kwa mkono, hili limekwenda upande. Na kibati cha mota yako kimetobolewa upande huohuo. Mlevi gani huyu, jamani! Hata kipofu angetoboa vizuri zaidi."

Mwanamke aliinama akayatazama matundu.

"Kwa hiyo mota hii ni ya darubini hii, si ya nyingine?"

"Ya hiihii! Unabisha? Nakuandikia na muhuri juu. Kampelekee yule juha wako wa pasi, kama kusoma anajua."

Akaandika kwa mbwembwe, akatia sahihi, akagonga muhuri wa duka. Mwanamke akaisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia mkobani.

"Aliyetoboa ni baba," alisema. "Mkono unamtetemeka tangu augue. Siku wezi walipovunja mlango wake wakaibeba darubini, mota ilikuwa jikoni, anaitia mafuta."

Akageukia mlangoni.

"Afande, ingia tu. Ameshaandika mwenyewe."